Injini ya chombo cha anga: anza na tangi

Kaka, umeuliza injini za chombo chako cha hadithi ziwe kubwa kiasi gani, na mchoro wako umezipa karibu nusu ya chombo. Mafuta umeyaweka wapi? Saturn V, roketi iliyopeleka watu Mwezini 1969, ilikuwa na urefu wa mita 110 hivi, lakini injini zake 5 za chini hazikufika mita 6 kila moja. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ilikuwa mafuta na oksijeni ya kuyaunguzia.

Halafu, kinapaa kutoka kwenye sayari au kinazunguka angani tu? Kama ni angani tu, punguza. Dawn, chombo cha NASA kilichorushwa 2007, kilikuwa na injini za ioni (zinazorusha nyuma chembe zenye umeme badala ya kuunguza mafuta) za upana wa sentimita 30. Msukumo wake ni kama uzito wa karatasi moja kiganjani. Ila ziliwaka kwa miaka, kikafika Vesta, kisha Ceres, magimba mawili yanayozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii.

Nafasi utakayookoa ibandike mapezi makubwa ya kutoa joto (wachoraji wengi huyasahau, na huko hakuna upepo wa kupoza kitu).