Vyombo vipo kwenye beseni, yeye kavaa miwani

SWALI: Shikamoo Anko. Mi ni mtumishi hapa Dodoma, kazi Mtumba, nakaa Ihumwa. Bro yuko Marekani kanitumia miwani ya VR, ile ukivaa unajiona uko ndani ya gemu, Quest 2, hii isiyohitaji kompyuta. Gemu za risasi sizitaki, nikitoka ofisini kichwa kimejaa, nataka kitu cha kupoza akili. Nasikia zipo za kazi za kawaida tu, kupika, kuosha, kuvua samaki. Wife anacheka, anasema vyombo vipo kwenye beseni mbona hivyo huvioni. Halafu nikivaa dakika kumi tu kizunguzungu, jasho linanitoka. Nifanyeje?
Mchovu wa Ihumwa

JIBU: Marahaba. Shem yuko sahihi, osha vyombo kwanza ndo tuongee hehe.

Anza na Job Simulator, ya 2016 hiyo lakini bado tamu. Stori yake ni kwamba mwaka 2050 maroboti yameshachukua kazi zote, kwa hiyo we unaenda kuonjeshwa binadamu walikuwa wanafanyaje kazi, unachagua ofisini, jikoni, dukani au gereji. Nenda gereji bwana, mtu wa mafaili ukachague tena ofisi?

Ila kwa sisi wa Dodoma inayonikosha mimi ni PowerWash Simulator VR. Yani nyumbani kuna mgao, madumu yamepangwa koridoni, halafu unavaa miwani unashika mpira wa presha unaosha gari lililoganda tope, mstari mmoja mmoja, rangi inatokea taratibu, maji hayaishi na bili haiji, na hakuna bosi wa kukwambia rudia. Nadhani ndo utamu wa hizi gemu zote huo, kazi unaiona inaisha. Ukitaka kukaa kabisa ipo Real VR Fishing, unavuta stuli unatupa ndoano kwenye maji ya Korea Kusini, samaki akishika rimoti inatetemeka mkononi, Mtera huendi na nauli hutoi.

Kizunguzungu sasa. Macho yanaona unatembea, sikio la ndani linasema mbona umesimama, ubongo unavurugwa. Ndo maana nimekutajia ambazo mwili hauburuzwi huku na kule, na kwenye gemu ya kutembea weka kwenye setingi ile ya kuhama ghafla sehemu hadi sehemu badala ya kutembea. Cheki na lenzi, Quest 2 zina nafasi 3 za upana kati ya lenzi na lenzi, milimita 58, 63 na 68, zisogeze mpaka maandishi yatulie. Ukianza kujisikia vibaya vua hapo hapo usijikaze kiume.

Na jua letu hili, usiiache dirishani wala kwenye dashibodi, lenzi zinakusanya mwanga zinaunguza kioo cha ndani, hakirudi. Umeme ukikatika gizani pia haichezeki vizuri, kamera zake zinahitaji mwanga.

Mwisho, ule mpaka wa eneo la kuchezea unaouchora ukiwa umevaa miwani, uchore mbali na meza. Mi nilikuwa navuta samaki mkubwa kweli, nikasikia paa, chupa ya chai ya mama watoto.