Vocha wiki mbili kwenye trei: nipime nini, na saa za ziada zitasaidia?

SWALI: Ndugu mtaalamu, salaam. Nasimamia kitengo cha malipo katika kampuni binafsi hapa Mwanza. Nina wahasibu wanne. Kwa siku wanamaliza vocha za malipo (hati za kuidhinisha mzabuni alipwe) 15 hivi, na kwa miezi mingi sasa trei haishuki chini ya vocha 150, wala haipandi sana. Nimewahi kukaa na saa nikapima: vocha iliyokamilika haichukui zaidi ya dakika 40 za kazi, tangu kukaguliwa hadi kuingizwa kwenye mfumo na kupelekwa kusainiwa. Lakini mzabuni analipwa baada ya wiki mbili. Karibu vocha moja kati ya tatu tunairudisha idarani kwa sababu haina risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi), haina hati ya kupokelea mali, au LPO, yaani hati ya kuagiza mali, haijasainiwa. Mwaka jana tulipelekwa semina ya usimamizi wa muda. Kila mtu ana daiari, kila mtu anajaza fomu ya kazi alizofanya kila nusu saa, na watu wanaondoka saa moja usiku. Hali ni ileile. Mkurugenzi anataka nimwonyeshe kwa takwimu kama usimamizi wa muda umeongeza ufanisi, na anauliza kama tuweke saa za ziada. Je, nianzie wapi? Na zile fomu za nusu saa tuendelee nazo?

JIBU: Ndugu msimamizi, wengi wanaoniandikia huja na malalamiko bila namba. Wewe umeleta namba, basi tuanze nazo.

Vocha 150 zimo ndani, 15 zinatoka kila siku. Gawanya: siku 10 za kazi. Ndizo wiki mbili anazolalamikia mzabuni. Hapo hakuna bahati nasibu. Ni kanuni ya foleni aliyoithibitisha mtafiti John Little mwaka 1961: penye kazi zinazoingia na kutoka kwa mwendo ulio sawa, muda ambao kila kazi inakaa ndani ni idadi ya zilizomo gawanya kwa kasi ya kutoka. Kanuni hiyo haiulizi nani ana daiari na nani hana. Ukitaka mzabuni alipwe ndani ya wiki moja, ama trei ishuke hadi vocha 75, ama wahasibu wako watoe vocha 30 kwa siku. Kumbuka hilo la kwanza, tutalirudia kwenye saa za ziada.

Sasa linganisha dakika zako 40 na siku hizo 10. Kwa saa 8 za kazi kwa siku, siku 10 ni dakika 4,800. Vocha inashughulikiwa kwa dakika 40 tu, chini ya asilimia 1 ya muda wote. Uliobaki imelala kwenye trei, kwenye meza ya idara, au kwenye jalada linalosubiri sahihi. Semina ilifundisha watu wako kutunza muda wao wenyewe. Hata kama kila mmoja angeifuata neno kwa neno, vocha ingeendelea kulala palepale.

Kwa hiyo swali la mkurugenzi lina jibu la vipande viwili. Mwaka 2021 mtafiti Brad Aeon na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 158 kuhusu usimamizi wa muda. Uhusiano wake na utendaji kazini upo, ila ni wa kiasi. Uhusiano wenye nguvu zaidi ulikuwa kwenye hali ya mtu mwenyewe, hasa kuridhika na maisha. Mapema zaidi, mwaka 1994, mtafiti Therese Macan alikuta kwamba baadhi ya tabia za kupanga muda hupunguza msongo na kuongeza kuridhika na kazi bila kuonyesha tofauti kwenye utendaji, na mafunzo yenyewe hayakuonekana kuzaa matunda. Mwambie mkurugenzi hivyo bila kuona haya. Huenda semina iliwapa watu wako nafuu, na nafuu si kitu kidogo, lakini hakuna aliyegusa trei.

Tuangalie saa zinakwenda wapi. Vocha 15 kwa dakika 40 ni saa 10. Wahasibu wanne kwa saa 8 ni saa 32. Saa 22 ziko wapi? Sehemu yake ni kazi halali: usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu vyenu na taarifa ya benki), mishahara, masurufu, maswali ya wakaguzi. Sehemu nyingine, naamini, imo katika hiyo vocha moja kati ya tatu. Ikirudishwa idarani kisha ikaja tena ikiwa na uwezekano uleule wa kuwa na kasoro, kila vocha inapita mikononi mwenu mara moja na nusu kwa wastani. Ili zitoke 15 mnashika 22 au 23. Na ile yenye kasoro ndiyo inayokula muda zaidi: kuikagua, kugundua, kupiga simu, kuandika dokezo, kumtafuta mtu aliyekwenda safari, kisha kuanza kuisoma upya ikirudi. Katika hizo dakika zako 40 hakuna hata moja kati ya hizo, maana ulipima iliyokamilika.

Dawa yake iko nje ya kitengo chako, na ndiyo maana semina haikuigusa. Andaa karatasi moja yenye viambatisho vinavyotakiwa kwa kila aina ya malipo, isainiwe na mkurugenzi, isambazwe kwa idara zote. Vocha ikaguliwe mlangoni, mbele ya aliyeileta, kabla haijaingia kwenye trei. Isiyotimia aondoke nayo papo hapo akijua kilichopungua. Inasikika kama ukali, lakini ni heri kumwambia mtu leo kuliko kumwambia baada ya siku sita.

Ila kuna ujanja hapa ambao lazima uuzibe mapema. Kitengo kikianza kukataa mlangoni, takwimu zake zitapendeza hata kama mzabuni anaendelea kusubiri vilevile. Kwa hiyo saa yako ianze kuhesabu siku ankara ilipofika kwenye kampuni, si siku vocha ilipopokelewa kwenu. Andika tarehe zote mbili pamoja na tarehe ya malipo. Hapo utajua ni siku ngapi zilikaa kwa idara na ngapi zilikaa kwako, na mazungumzo kwenye kikao cha wakuu wa idara yatabadilika yenyewe.

Sasa saa za ziada. Watu wengi katika kazi yangu wangekuambia hapana moja kwa moja. Mimi nasema inategemea unazitumia kulipa nini.

Umesema trei imesimama kwenye 150 kwa miezi. Maana yake zinazoingia na zinazotoka ni sawa, 15 kwa 15. Zile 150 ni deni la zamani ambalo kila vocha mpya inapanga foleni nyuma yake. Deni likilipwa mara moja, foleni inabaki fupi bila mtu kuongeza kasi. Ukiondoa vocha 75, muda wa kusubiri unashuka kutoka siku 10 hadi 5 na utabaki hapo. Kazi yake ni kiasi gani? Vocha 75 kwa dakika 40 ni saa 50. Gawa kwa wahasibu wanne kwa wiki nne: kama saa 3 kwa mtu kwa wiki. Ongeza kidogo kwa ajili ya zenye kasoro, bado ni mzigo unaobebeka. Kwanza pitieni trei yote mtenganishe zinazosubiri viambatisho na zilizo tayari, maana hizo za kwanza hazitaondoka hata mkeshe.

Kwa namna hiyo saa za ziada zina mwanzo, mwisho na hesabu. Wakati huohuo mlango uwe umeshafungwa kwa vocha pungufu, la sivyo mtafukuza maji kwa ndoo huku bomba liko wazi.

Zisizofaa ni hizo za kuondoka saa moja usiku kila siku bila lengo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilichunguza wafanyakazi wa viwanda vya silaha, na mwaka 2014 mchumi John Pencavel alizichambua upya takwimu zao. Hadi karibu saa 49 kwa wiki, uzalishaji uliongezeka sambamba na saa. Baada ya hapo kila saa iliyoongezwa ilileta kidogo zaidi, na waliofanya kazi saa 70 hawakuwa wamezalisha zaidi sana ya waliofanya saa 56. Kazi ya kiwandani si kazi ya vocha, najua. Lakini mhasibu aliyechoka hazalishi tu kidogo, anakosea tarakimu, na kosa hilo linarudi kwenye trei kama kazi mpya.

Upande wa sheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku katika kazi za kawaida. Saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne, ziwe kwa makubaliano, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kama hizo jioni za saa moja usiku hazilipwi, lizungumzeni na ofisi ya rasilimali watu kabla ya kupanga nyingine. (Wewe mwenyewe, kama uko kwenye nafasi ya uongozi unaoripoti moja kwa moja kwa wakuu wa kampuni, huenda vifungu hivyo havikuhusu. Pole.)

Mkurugenzi akiona mhasibu amekaa bila vocha mbele yake saa tisa alasiri, asiharakishe kumtafutia kazi. Kwa mhudumu mmoja anayepokea kazi zisizokuja kwa mpangilio, hesabu ya kawaida ya foleni inaonyesha kwamba akiwa na shughuli kwa asilimia 80 ya muda wake, kazi husubiri mara 4 ya muda wa kuihudumia. Kwa asilimia 90 husubiri mara 9, na kwa asilimia 95 mara 19. Kitengo chako kina watu wanne, hivyo namba hazitakuwa hizo hasa, lakini mwelekeo ni huohuo. Mtu mwenye daiari iliyojaa hadi ukingoni anaonekana mchapakazi, na nyuma yake foleni inarefuka. Kwenu ziko siku zinazojulikana kabisa kuwa nzito: tarehe 7 kwa PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), tarehe 20 kwa ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na siku za kufunga mwezi. Nafasi ya kupumua ya wiki ya pili ndiyo inayowabeba wiki ya kwanza.

Hilo linagusa pia namna utakavyopima. Usilinganishe Juni yenye siku zako nzuri na Julai ya kufunga hesabu za mwaka, kama mwaka wenu wa fedha unaanza Julai. Linganisha wiki ya kwanza na wiki ya kwanza ya mwezi mwingine. Anza kuandika tarehe sasa, kabla hujabadilisha chochote, walau mwezi mzima. Usimpe mkurugenzi wastani peke yake, kwa sababu vocha tatu zilizosahaulika miezi miwili zitauvuta. Mpe idadi ya siku ambazo ndani yake nusu ya vocha zilikuwa zimeshalipwa, umri wa vocha kongwe kuliko zote kwenye trei, na sehemu ya vocha zilizopita mara ya kwanza bila kurudishwa, kwa kila idara. Inatosha. Tafadhali usitengeneze jedwali la mhasibu gani ametoa vocha ngapi. Ndani ya wiki mbili watu watajifunza kuchagua nyepesi, na ile ya mkandarasi yenye viambatisho 30 itabaki chini ya trei.

Kuhusu wazabuni wanaokuja dirishani na simu za "cheki yangu imefikia wapi", zipangie saa, tuseme saa nane hadi saa tisa mchana, na mhasibu mmoja wa zamu azipokee. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihamia kazi nyingine kabla hajamaliza ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki nyuma na utendaji kwenye kazi mpya hushuka. Wazabuni watanuna wiki ya kwanza. Wakianza kulipwa ndani ya siku tano, hawatakuwa na sababu ya kupiga.

Daiari waachie, wanaozipenda waendelee nazo. Fomu za nusu saa zifute. Mtu akijaza saa kumi na moja jioni mambo ya saa tatu asubuhi, anaandika anachodhani unataka kusoma. Kama bado unataka kujua zile saa 22 zinakwenda wapi, kwa wiki mbili pita ofisini kwa nyakati za kubahatisha ulizozipanga mapema, mara kumi kwa siku, na kila mara weka alama moja kwa kila mhasibu: vocha mpya, vocha iliyorudi, simu au mzabuni, benki, kazi nyingine. Waeleze kabla kwamba majina hayaandikwi, na kweli usiyaandike. Utapata alama 400, na kama dhana yangu kuhusu vocha zilizorudi ni sahihi, utaiona humo.