Kurudi Mwanza: kontena, umeme wa Marekani, kiwanja cha ziwani na kichocho

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji walioko Uingereza, Marekani, Kanada na Omani. Wote wanajiandaa kurudi Kanda ya Ziwa. Tumeyafupisha, majibu tumeyaacha na urefu wake.

Narudi Mwanza mwezi wa sita baada ya miaka 14. Nataka kuleta vyombo vya nyumba na gari langu dogo. Ni kweli sitalipa ushuru? (Dada wa Birmingham)

Kwa sehemu kubwa ni kweli, dada, mradi tarehe zako zikae sawa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe ushuru wa forodha mtu anayehamisha makazi. Msamaha unahusu nguo, vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huko, na gari moja. Vyombo viwe vimetumika. Friji ambalo bado liko kwenye boksi lake, au simu kumi mpya, havitapita kama vyombo vya nyumbani. Gari liwe mali yako mwenyewe na uwe umelitumia huko miezi 12 kamili, bila kuhesabu siku za melini. Hapa wengi hukwama: gari lina miezi minane tu mkononi, au karatasi zake zina jina la mume. Elewa pia kwamba msamaha huo hauondoi gharama za bandari, malipo ya wakala wala usajili wa gari. Mwombe wakala wa forodha akuandikie hesabu nzima kabla gari halijapanda meli.

Kisha kuna siku 90. Mzigo unatakiwa uingie nchini ndani ya siku hizo tangu ulipowasili wewe. Kamishna wa forodha anaweza kukuongezea muda, lakini jumla haivuki siku 360, na nyongeza hiyo huombwa, haiji yenyewe. Mzigo ukitangulia nao ni hasara, kwa sababu mwenye mali hayupo kuthibitisha kuwa amehama, na gharama za kuhifadhi kontena zinapanda kila siku. Tunachoshauri ni kupanga meli ifike Dar es Salaam wiki mbili hadi nne baada yako.

Orodha ya mizigo iandikwe kasha kwa kasha, yenye namba: "Kasha 14: sahani 24, sufuria 6, mashuka 8, vyote vimetumika." Ukiandika "vyombo mbalimbali" umemkaribisha ofisa afungue kila kitu, na ana haki.

Kontena la futi 20 lina ujazo wa mita 33 za ujazo, ila kwa vitu vya nyumbani hesabu 27 au 28, maana viti na meza huacha mapengo. Ndani yake hutokea jasho: mchana bati linachemka, usiku linapoa, unyevu unadondoka kutoka darini kama mvua. Magodoro na vitabu vikikaa juu kabisa bila kufunikwa vitafika na ukungu. Funika kwa nailoni, ning'iniza mifuko ya kunyonya unyevu, wala usipakie mbao mbichi.

La mwisho katika hili: usilisafirishe kontena lenyewe hadi Mwanza bila kusoma mkataba. Ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na kontena tupu kwa kawaida linadaiwa Dar, kwa siku zinazohesabiwa. Mara nyingi ni nafuu kushusha vitu Dar, kuvipakia kwenye lori lililofunikwa vizuri na kurudisha kontena palepale.

Nikifika tu, nianze na karatasi gani? (Kijana wa Muscat)

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Bila hiyo huwezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, na bila laini huna pesa za simu wala ujumbe wa benki. TIN (namba ya mlipakodi) na akaunti ya benki vinafuata. Kama cheti cha kuzaliwa kimepotea, anza RITA (wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo) ukiwa bado huko, kupitia ndugu mwenye nakala au namba ya kile cha zamani.

Tunaishi Minneapolis. Mke wangu anataka kuja na friji, mashine ya kufulia, maikrowevu na mashine yake ya kukandia unga. Mafundi wanasema ninunue adapta tu. (Baba wa watatu)

Kaka, adapta hubadilisha umbo la plagi tu, umeme haiugusi. Huko mnatumia volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Kifaa cha joto cha volti 120, kama pasi, ukikichomeka moja kwa moja hapa kinavuta nguvu karibu mara nne ya ile kilichotengenezewa. Kitaungua ndani ya dakika chache.

Transfoma ya kushusha volti inaponya nusu ya tatizo, kwa sababu hezi haizibadilishi. Mota ya friji au ya mashine ya kufulia ya hezi 60 inazunguka polepole kwa karibu asilimia 17 ikipewa hezi 50, inapata joto na kufa mapema. Maikrowevu za kawaida zina transfoma nzito ndani, na yenyewe hupata joto kupita kiasi kwenye hezi 50. Hivyo vitatu viuzeni hukohuko. Mashine ya kukandia unga ni habari nyingine: nyingi zina mota yenye brashi, ambayo haijali hezi. Ileteni, na mnunue transfoma yenye uwezo mara mbili hadi tatu ya wati zilizoandikwa kwenye kibao chake, maana mota inapoanza huvuta zaidi. Transfoma izimwe ukutani ikiwa haitumiki. Ikiachwa inakula uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, usiku kucha.

Kompyuta na chaja hazina shida. Geuza chaja usome: ikiwa imeandikwa 100-240V, 50/60Hz, hapo adapta inatosha. Wanaotoka Uingereza wana bahati, kwa kuwa umeme na plagi ni vilevile.

Friji mtakalonunua Mwanza liwekeeni kilinda umeme chenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano. Umeme unapokatika na kurudi ghafla, kompresa huwa bado ina shinikizo la gesi upande mmoja, ikilazimishwa kuwaka inaungua.

Nimepata kiwanja Luchelele, kinagusa maji kabisa. Nina pasipoti ya Kanada tangu 2016. Nilipe? (Msomaji wa Toronto)

Usilipe bado. Una mambo mawili, na kila moja peke yake linatosha kukupotezea pesa.

La kwanza ni maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kiwanja "kinachogusa maji" chenye urefu wa mita 50 hakina mahali pa kuweka msingi, hata kama muuzaji ana barua ya mtaa yenye mihuri mitatu. Na ukingo wenyewe unasogea. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda na kuingia kwenye nyumba na mialo ambayo watu waliiona iko mbali. Nenda na wazee wa pale, wakuonyeshe maji yalifika wapi mwaka 2024, pima mita zako 60 kuanzia hapo.

La pili ni uraia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ulipochukua wa Kanada kwa hiari yako ulipoteza huu, na Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yanayoweka hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na humo ndimo njia yako ilipo. Muone wakili akusomee masharti, uombe hadhi hiyo kwanza, kiwanja baadaye. Njia ya kuandika jina la kaka yako tunaikataa waziwazi. Kisheria kiwanja kitakuwa chake. Akifariki, kitagawiwa wanawe, na wewe utakuwa mgeni kwenye msiba na kwenye mirathi.

Siku ukiwa na haki ya kununua, fuata hatua hizi. Pata namba ya kiwanja, kitalu na hati. Omba upekuzi kwa msajili wa hati, uone jina la mmiliki, mkopo wa benki na zuio. Lipa mpima mwenye leseni atafute bikoni (alama za mipaka) kwa kipimo, asikuonyeshe kwa kidole. Hakikisha mwenzi wa muuzaji amesaini kuridhia. Pesa ipite benki.

Mdogo wangu ananijengea Buhongwa. Kila wiki anaomba ya saruji. Nitajuaje kama ni kweli? (Msomaji wa Leeds)

Hesabu ukuta. Tofali ya inchi 6 yenye uso wa inchi 18 kwa 9 huingia takribani tisa kwa mita moja ya mraba, pamoja na udongo wa kujengea. Ukuta wa mita za mraba 100, ukishatoa milango na madirisha, unataka tofali 900, weka 950 kwa zitakazovunjika. Fundi mwaminifu hazidishi tofali 30 kwa mfuko wa kilo 50, kwa hiyo tofali zote ni mifuko 32 hivi. Akikuambia anatoa 50 kwa mfuko, usifurahie nafuu hiyo: anakuuzia mchanga. Mwambie mdogo wako akwangue tofali kwa msumari mbele ya kamera. Ikichimbika kama sukari, haifai. Tofali mpya zimwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba, zikiwa kivulini. Jua la Mwanza likizikausha siku ya kwanza, saruji haijapata muda wa kushika.

Shikamooni. Nina miaka 63, nimefanya kazi Uingereza miaka 28. Pensheni ya serikali itanifuata? (Mama wa Leicester)

Marahaba, mama, ingawa kwa umri sisi ndio wa kukuamkia. Itakufuata. Unahitaji angalau miaka 10 ya michango kupata chochote na 35 kupata yote, kwa hiyo chukua rekodi yako ya michango uone mapengo kabla hujaondoka. Ujue pia kwamba kwa anayeishi Tanzania pensheni hiyo haipandi kila mwaka kama ya walioko kule. Kiasi cha siku ya kwanza ndicho utakachopokea miaka yote, kwa hiyo bajeti yako ya uzeeni isitegemee hiyo peke yake.

Wanangu wamezaliwa nje, wanaota kuogelea ziwani. Hofu yangu ni malaria na kichocho. (Mama wa wawili, Reading)

Hofu yako ni ya haki, mama. Watoto waliozaliwa nje hawana kinga yoyote ya malaria, na yako wewe imefifia kwa miaka uliyokaa huko. Walale ndani ya chandarua chenye dawa kuanzia usiku wa kwanza, hata mkiwa wageni kwa shangazi. Homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo, msingoje iwe kali. Wakipewa dawa mseto (ALu, yaani artemeta na lumefantrini), dozi ni sita kwa siku tatu: ya pili baada ya saa nane tangu ya kwanza, zilizobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Wapewe na chakula chenye mafuta au maziwa, vinginevyo dawa hainyonywi vizuri. Homa ikishuka siku ya pili, malizeni dozi.

Kichocho cha Ziwa Victoria ni kile cha utumbo. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini, hasa jua likiwa kali, na kupenya ngozi ndani ya dakika chache. Mahali pa hatari zaidi ni pale watoto wanapopapenda: maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye nyasi, karibu na wanapofulia watu. Kujifuta kwa taulo haraka si kinga ya kutegemea. Maji ya ziwa yaliyochotwa kwa kuogea yakae kwenye tangi saa 48 kwanza, vijidudu vitakuwa vimekufa.

Kama wameshaingia ziwani, msikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaiponyoka. Wapimwe choo wiki sita hadi nane baada ya kuogelea, kisha daktari atoe dozi kwa uzito: kwa kawaida miligramu 40 kwa kilo, yaani mtoto wa kilo 30 anapata miligramu 1,200, vidonge viwili vya 600, akiwa ameshakula.