Re: Mtoto mfupi, wazazi warefu: ni damu au lishe?

Ndugu, umeuliza kama ufupi wa mwanao wa miaka 9 ni damu au lishe, maana ninyi wazazi ni warefu. Vyote vinahusika. Hakuna jeni moja ya urefu: utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulibaini tofauti zaidi ya 12,000 za kijenetiki, kila moja ikichangia kidogo sana. Ndiyo maana hata ndugu wa tumbo moja hupishana.

Lakini jeni huweka uwezo tu. Mifupa mirefu hukua kwenye tabaka za gegedu (tishu laini kuliko mfupa) karibu na ncha zake. Mtoto akiharisha mara kwa mara au akikosa protini, hasa kabla ya miaka 2, mwili hupigania uhai kwanza na tabaka hizo hupunguza kasi. Wanaume wa Uholanzi wamerefuka kwa takribani sentimita 20 tangu katikati ya karne ya 19, na jeni hazibadiliki upesi hivyo!

Tafadhali usimlinganishe na wenzake darasani. Wengine huchelewa tu kubalehe. Mpime kila miezi 6, bila viatu, visigino vikigusa ukuta. Akiongezeka chini ya sentimita 4 kwa mwaka, mpeleke kwa daktari wa watoto mapema, kabla tabaka hizo za gegedu hazijafunga, maana zikifunga urefu hukoma.