Canon 2000D au Nikon D3500?

SWALI: Shikamoo, mzee. Napiga picha za harusi hapa Kirumba, Mwanza, kwa kamera ya kuazima, na Jumapili huvuka kwenda kisiwa cha Saanane kupiga picha za ndege. Nimepata mbili zilizotumika, bei sawa: Canon EOS 2000D na Nikon D3500. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa ubora wa picha hutaona tofauti kubwa. Zote zina megapikseli 24. Angalia kasi na betri. Nikon hupiga picha 5 kwa sekunde, Canon 3. Furukombe akishusha makucha majini, hizo mbili za ziada zaweza kukupa samaki akiwa bado anachuruzika maji. Betri ya Nikon imepimwa kwa picha 1,550 kwa chaji moja, ya Canon 500. Kwa harusi za kukesha, hilo si jambo dogo.

Chukua Nikon. Ila D3500 haina mota ya fokasi (ya kulenga picha iwe kali) ndani ya bodi, hivyo lenzi kuukuu za AF-D, zisizo na mota yake, utazifokasi kwa kuzungusha kwa mkono. Tafuta za AF-S au AF-P, zenye mota ndani yake. Na kabla hujalipa, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), ukuze picha, ukague madoa ya vumbi kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha.