Kabla hujanunua rasta zilizoandikwa Kanekalon, nisikilize kidogo

Nauza rasta Mbagala huu mwaka wa sita, na miaka minne ya kwanza ungeniuliza Kanekalon ni nini ningekujibu ni rasta tu, si ndo zinaitwa hivyo, kama tunavyosema nipe Colgate halafu muuzaji anakupa Whitedent na hakuna anayelalamika.

Sasa mwaka juzi Desemba, msimu wenyewe wa harusi, nikachukua katoni nzima Kariakoo kwa bei ambayo ilitakiwa inishtue. Pakiti inang'aa, Kanekalon 100% herufi za dhahabu. Siku ya nne sista mmoja akaja amefunga kilemba, akakivua, nyuma ya masikio vipele vimejipanga kama punje za mtama. Wiki ile walirudi watatu. Niliwarudishia hela na za kufumulia juu, na yule wa Kariakoo nilipomfuata akaniambia dada si unaona imeandikwa, unataka nini tena.

Basi hasira zile ndo zikanifanya nitafute hilo neno limetoka wapi, na ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeuza kitu chochote ni huo huo, mtafute mwenye jina. Mimi nilianza usiku nikiwa nimelala, nikamaliza adhana inalia.

Kanekalon siyo jina la rasta, ni jina la uzi. Mwenye uzi ni kampuni ya Kijapani inaitwa Kaneka, na hiyo Kaneka ni mtoto wa kampuni nyingine iliyoanza Tokyo 1887 kwenye biashara ya pamba. Kiwanda chao cha kusokota nyuzi kilikuwa kando ya mto Sumida sehemu inaitwa Kanegafuchi, maana yake kilindi cha kengele, wenyewe wana hadithi kwamba kengele ya hekalu ilizama pale mtoni. Wajapani wanapenda kukata maneno kama sisi na daladala zetu, kwa hiyo Kanegafuchi ya nyuzi ikawa Kanebo na Kanegafuchi ya kemikali ikawa Kaneka. Wale mnaopenda vipodozi Kanebo mnaijua.

Mtoto alitolewa nyumbani 1949, baada ya vita, makampuni makubwa Japani yanapangwa upya. Kanebo wakabaki na nguo, Kaneka wakapewa vilivyobaki, na vilivyobaki vyenyewe ni kama duka la Mpemba: magadi ya kutengenezea sabuni, sabuni yenyewe, mafuta ya kula, nyaya za umeme, hamira. Hamira jamani! Ishike hiyo hamira nitairudia.

1957 wakaanza kutoa Kanekalon. Inapikwa kwa kemikali mbili, moja ni vinaili kloraidi, ile ile inayotengeneza mabomba ya PVC, na klorini iliyomo ndo inafanya uzi usishike moto kirahisi. Hawakuwa na habari na vichwa vyetu peke yake, uzi huo unatengeneza manyoya ya bandia na nguo za watu wanaofanya kazi karibu na moto. Ila mwaka 1965 Marekani wakapiga marufuku nywele za watu kutoka China, mambo ya vita baridi, na wakati huo mawigi yalikuwa yanauzika sana, ndo nyuzi za kiwandani zikapata mwanya. Sikuwahi kufikiria siasa za Mao zimechangia mpaka twisti za Mbagala.

Hapa sasa ndo pa kukaa. Ukisoma historia ya kampuni yoyote usiishie kwenye ile iliyojiandikia yenyewe, maana hakuna anayejitangazia jipu. Kaneka walikuwa wanatengeneza kimiminika cha PCB, kemikali yenye sumu, wakikiita Kanechlor, kazi yake kubeba joto kwenye mitambo. Mwaka 1968 kiwanda kimoja cha mafuta ya kula ya pumba za mpunga huko Kitakyushu, mji wa Japani, jina lake Kanemi (siyo Kaneka, mimi mwenyewe nilichanganya mara mbili), kilikuwa kinatumia hicho kimiminika kwenye mabomba ya kupashia mafuta, kikavuja kikaingia kwenye mafuta yenyewe. Kuku walitangulia, walilishwa chakula kilichochanganywa na masalia ya mafuta hayo wakafa malaki, na watu walikuwa bado wanakaangia. Ilipofika Oktoba ndo ikajulikana. Watu kama 14,000 walijitokeza kusema wameumia, chunusi nyeusi mwili mzima, macho yanatoa uchafu, wengine wakazaa watoto ngozi imebadilika rangi. Kesi zilienda mpaka 1987 zikaisha kwa mapatano, na Kaneka msimamo wao ulikuwa kwamba waliouza mafuta ndo wenye makosa. PCB waliacha kutengeneza 1972, mwaka uliofuata Japani wakatunga sheria ya kudhibiti kemikali, na hadi leo wagonjwa wapo.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Si kwamba rasta zina PCB, hapana, msije mkanilisha maneno. Ila yule aliyeniambia "si unaona imeandikwa" na hao waliosema sisi tumeuza kimiminika tu, niliona wanaongea lugha moja.

Hamira sasa. Ule ujuzi wa kuchachusha waliuendeleza, 1977 wakawa wa kwanza kutoa Q10 kiwandani kwa kutumia chachu, hivi vidonge vya moyo mnavyoviona famasi, na siku hizi wana vijidudu vinavyokula mafuta ya mimea vinatoa plastiki inayooza. Mama mtu, Kanebo, alipika mahesabu, akatolewa soko la hisa 2005, vipodozi vikachukuliwa na kampuni nyingine ya Kijapani, Kao. Mtoto wa magadi na hamira bado yupo.

Haya, dukani. Kaneka anauza uzi kwa viwanda, viwanda vinakata, vinachanganya, vinafunga na jina lao. Kwa hiyo ukiona pakiti ina neno Kanekalon tu na haina jina la kiwanda wala nchi iliyotoka, iache. Halafu omba unyuzi mmoja, uchome juu ya sahani, siyo karibu na kichwa na siyo karibu na dawa za nywele. Kanekalon inajikunja inakuwa nyeusi, ukitoa kiberiti inazimika. Feki nyingi zinadondosha matone na moto unaendelea. Kuna feki zinawekewa dawa zisiwake kwa hiyo hiki si kipimo cha mahakamani, lakini mimi kimeniokoa mara nyingi.

Na hata orijino inaweza kukuwasha, ngozi hazifanani. Mimi naloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na nusu kikombe cha siki, dakika ishirini hivi, utaona utando mweupe unaelea, nasuuza, naanika usiku kucha. Tangu nianze hivyo vilemba vya kuficha vipele sijaviona.

Juzi mteja kaja na pisi zake nane kanunua mtandaoni, anataka shangazi amsuke. Akasema haya dada choma na hii tuone. Nikachoma, likadondoka tone kwenye sahani ya bati, likaendelea kuwaka pale pale. Tukaangaliana. Akauliza, "Hizo zako namba moja bei gani?"