Tangazo Kaandika AI, Mteja Kashtuka

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba (AI) inayokuandikia ukiiagiza, ifunguliwe kwa watu wote Novemba 2022, kuandika tangazo ni kazi ya dakika moja. Kuandika tangazo ambalo mteja akilisoma anakusikia wewe, hilo bado lina jasho lake. Maswali mliyonitumia safari hii yote yanazunguka hapo. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nauza batiki Morogoro. Kapsheni zangu siku hizi naandikiwa na ChatGPT. Juzi mteja wangu wa miaka mingi kaniuliza, "Umeajiri mtu wa kuposti?" Mbona niliiambia iandike kwa sauti ya kirafiki?

Dada yangu, hiyo mashine haijawahi kukusikia ukiongea. Uliiomba urafiki, ikakupa urafiki wa kila mtu. Kapsheni uliyonitumia inaanza hivi: "Je, unatafuta batiki ya kipekee itakayoinua mtindo wako? Usitafute zaidi! Kila kitambaa chetu kinasimulia hadithi." Toa batiki, weka viatu. Weka keki. Weka hata vigae vya bafuni, hakuna kitakachoharibika. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: sentensi ambayo jirani yako wa duka la pili anaweza kuibeba kama ilivyo, ifute.

Kuna na tatizo la Kiswahili chenyewe. Programu hizi zimelishwa Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo, kwa hiyo zikiandika kwa lugha yetu, mifupa ya sentensi inabaki ya kigeni. Hakuna muuzaji wa Kariakoo anayemwambia mteja "usitafute zaidi". Atamwambia "umefika", "mzigo huu hapa", "shika mwenyewe uone". Ukikuta sentensi ambayo mdomo wako haujawahi kuitoa mbele ya mteja, huna haja ya kuitafutia kosa la kisarufi. Ondoa tu.

Fanya hivi. Mzigo mpya ukiingia, chukua simu ujirekodi kama unavyomtumia mteja ujumbe wa sauti. Usijipange, ongea. Kisha yaandike maneno yako kama yalivyotoka, na "yaani" zako na "si unajua" zako humohumo. Ongeza kapsheni zako za zamani, zile zilizoleta oda, siyo zile zilizoleta laiki za mashoga zako. Bandika vyote na uiagize: fuata mifano hii, tumia maneno yaliyomo humu, usiongeze sifa ambayo sijaitaja. Agizo hilo la mwisho usilisahau hata siku moja, maana bila hilo itakusifia mpaka uone aibu.

Halafu ipe habari. Mashine itaandika "kipekee" mara nne bila kusema upekee uko wapi. Wewe unapajua: ile mistari membamba kama nyufa inatokea nta inapopasuka, rangi ikapenya, ndiyo maana hakuna vipande viwili vinavyolingana kabisa. Unajua pia swali ambalo kila mteja wa batiki anauliza kabla ya kuuliza bei: inachuja? Sasa linganisha na hii:

"Zile za kijani zimerudi. Pamba tupu, mita tano, na safari hii mistari ya nta imekubali kwelikweli. Najua utaniuliza kama inachuja: mara ya kwanza ifue peke yake, maji ya baridi, anika kivulini. Bei ipo kwenye picha."

Hapo hata jina lako lisipokuwepo, mteja wako anajua ni nani. Na ndiyo, bei iwe kwenye picha. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" imewafukuza wanunuzi wengi kuliko AI itakavyoweza kuwafukuza.

Mimi ni fundi cherehani wa Dodoma. Naweza kuchukua chati zangu zote za WhatsApp na wateja nikaziingiza kwenye AI ili ijifunze tunavyoongea?

Hapana. Chati zako zina majina, namba za simu, vipimo vya miili ya watu, na pengine siri ya nani anashonewa gauni la sendofu kabla mwenyewe hajajua. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, wenzetu Kenya wana yao tangu 2019, na kila moja inamhusu mfanyabiashara wa nchi yake hata kama ofisi yake ni kibaraza. Chukua maswali peke yake: "Mnashona kwa siku ngapi?" "Naweza kuja na kitambaa changu?" "Na kama nitanenepa?" Yanatosha kabisa, na hilo la tatu ni tangazo zima likijibiwa vizuri.

Tuna nyumba ndogo ya wageni Paje, Unguja. Kijana wetu wa mitandao ametengeneza picha za ufukwe kwa AI, zinapendeza kuliko tulizopiga wenyewe. Maandishi yanasema "bahari ya buluu mlangoni kwako saa 24". Tutumie?

Wekeni kando picha na maandishi. Februari 2024 huko Glasgow, Uskoti, wazazi walinunulia watoto tiketi za onesho lililotangazwa kwa picha za AI: ulimwengu mzima wa peremende, na juu yake maneno ambayo hayapo katika lugha yoyote. Walipofika walikuta ghala lenye mapambo ya kuhesabika. Watoto wakalia, polisi wakaitwa, onesho likavunjwa siku hiyohiyo ya kwanza.

Ninyi mna hatari zaidi, kwa sababu bahari yenu ina tabia zake. Pwani ya mashariki ya Unguja maji yakipwa yanakimbia mbali, na wakati wa bamvua ndiyo usiseme. Mgeni anaamka, anafungua dirisha, anaona mchanga, madimbwi na nyasi za baharini mpaka karibu na mwamba. Yule mliyemwahidi bahari saa 24 ataona ametapeliwa, ataandika hivyo mtandaoni, na sitamlaumu. Yule mliyemweleza mapema atavaa viatu vya majini aingie kutembea, kwa sababu bahari iliyokauka ndiyo inayomfikisha kwa kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao kazi yao inafanyika maji yakiwa yamepwa.

Mimi ningeandika hivi: "Hapa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Yakijaa unaogelea mbele ya nyumba. Yakipwa unatembea mpaka kwenye mashamba ya mwani. Saa za maji za wiki nzima tumezibandika mapokezi." Kisha, kama kweli mko karibu na wanaorusha vishada vya majini (kitesurfing), taja na pepo: kusi katikati ya mwaka, kaskazi kuanzia Desemba. Wageni wa vishada wanapanga safari kwa upepo, hawapangi kwa "mandhari ya kuvutia".

AI haitawaandikia hivi bila kuambiwa, kwani imesoma matangazo ya hoteli yasiyo na idadi na mengi hayathubutu kutaja maji kupwa. Ikishaambiwa, itawasaidia kuyapeleka maneno hayo kwenye Kitaliano na Kijerumani, na kwa kazi hiyo naisifu, mradi mumwombe mgeni mmoja mwenye lugha hiyo ayapitie. Picha pigeni wenyewe, alfajiri, jua likitoka upande wenu. Hiyo bahati hoteli za magharibi ya kisiwa hawana.

Nauza krimu na mafuta ya ngozi Mwanza. AI imeniongezea "imethibitishwa na wataalamu wa ngozi" pamoja na shuhuda tatu za wateja wenye majina kamili. Nibakize? Wote wanafanya hivyo.

Futa leo. Mashine haikukusudia kukuponza. Inaandika kile ambacho kwa kawaida hufuata kwenye matangazo ya aina hiyo, na matangazo ya krimu kwa kawaida huwa na mtaalamu asiyetajwa na dada aliyetakata kwa siku saba. Ila ukishaposti, msemaji ni wewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na utetezi wa "ni AI" hautakufikisha mbali. Shirika la ndege la Air Canada liliwahi kuujaribu. Msaidizi wao wa mtandaoni alimpa abiria aliyefiwa na bibi yake maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli nafuu ya msiba. Shirika likajitetea kana kwamba huyo msaidizi ni mtu mwingine anayejibeba mwenyewe. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia likaukataa utetezi huo na abiria akalipwa.

Ukitaka ushuhuda, muombe mteja mmoja wa kweli ruhusa, umnukuu neno kwa neno, hata akisema "mwanzoni sikuona kitu, nilikaribia kuacha". Hasa akisema hivyo.

Niko Nairobi, nauza raba za mitumba. Nikiiambia iandike Sheng inatoa "Sasa msee wangu, cheki viatu fiti kabisa". Wateja wananichekelea kwa koment.

Wana haki ya kucheka. Sheng ya Eastlands si ile ya upande wa pili wa mji, na ya mwaka juzi imeshazeeka. AI inachanganya ya miaka yote na mitaa yote, matokeo yake unasikika kama mjomba aliyekuja kuharibu stori za vijana. Mstari wa kwanza na wa mwisho andika wewe. Ya katikati iachie: saizi, hali ya soli, kama kamba ni zake, deliveri inafika wapi. Na kama Sheng si lugha yako ya kila siku, uza kwa Kiswahili chako cha kawaida. Hakuna aliyewahi kukataa raba safi kwa sababu tangazo halikuwa na maneno ya mtaani.

Naandikia kampuni moja ya utalii Arusha, kwa Kiingereza. Bosi anapitisha kazi zangu kwenye programu ya kutambua maandishi ya AI. Makala niliyoandika kwa mikono yangu imeambiwa ni ya mashine. Nijitetee vipi?

Mwambie kwamba OpenAI, wenyewe waliotengeneza ChatGPT, walitoa programu ya namna hiyo kisha wakaiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionesha kwamba programu hizo huwasingizia sana watu wanaoandika Kiingereza ambacho si lugha yao ya kwanza. Wewe unaandika Kiingereza ukiwa Arusha, kwa hiyo umo kwenye kundi linaloonewa.

Lakini nami nikuulize: makala yenyewe ina nini? Kama ina "savana isiyo na mwisho" na "kumbukumbu za maisha", bosi wako ana kifaa kibovu ila shaka yake ina msingi. Weka lango mnaloingilia, saa mnayoondoka mjini, dereva anasimama wapi kununua maji. Hapo hata yeye hatahitaji kifaa. Na weka rasimu zako, zile zenye mistari iliyokatwa; siku ya ubishi zinaongea zaidi ya asilimia za kompyuta.

Naoka keki Tanga. Je, nilazimike kuwaambia wateja kwamba nimetumia AI?

Kwa maneno uliyoyasahihisha mwenyewe na ambayo ni ya kweli, sioni haja, kama usivyotangaza kwamba mwanao ndiye aliyekuhakikia tahajia. Kwa picha na video, jihadhari. Novemba 2024 Coca-Cola walirudia kwa AI tangazo lao la malori ya Krismasi la mwaka 1995, wakapondwa vibaya, ingawa hawakuficha walivyolitengeneza. Miezi kadhaa kabla yake Dove, wale wa sabuni, walikuwa wameahidi kutoweka kamwe wanawake wa AI badala ya wanawake halisi kwenye matangazo yao. Kampuni kubwa zinaweza kucheza huko zikapoteza au zikapata. Wewe una oveni moja.

Picha ya keki iliyotengenezwa na AI usiitumie hata ukiandika chini yake kwa herufi kubwa kwamba ni ya AI. Mtu atai-screenshot, akutumie Ijumaa usiku, aseme anataka hiyohiyo, ghorofa nne na maua yanayoelea, kwa ajili ya Jumamosi saa nane.